BanaKasonde Anauachia Mto

Tarehe 30 Juni, BanaKasonde anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika mgodi wetu. Jina lake la vyeti ni Chileshe Mubanga, lakini tangu amzae Kasonde yeye ni BanaKasonde, yaani Mama Kasonde, na hakuna anayemwita jina lile isipokuwa karani wa mishahara. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu chupa zake za kupimia maji ninazirithi mimi.

Alianza kwa kuosha chupa hizo maabara. Akajifunza kupima maji, akasomea mazingira kwa njia ya posta huku Kasonde yuko mgongoni, akapanda mpaka akawa mkuu wa kitengo cha uendelevu. Hilo ni neno la maofisini. Yeye husema kazi yetu ni mgodi upate shaba yake na watu wa vijiji vya bondeni wabaki na mto wao.

Kila mwezi alishuka mto Kafubwe kupima. Wanawake wa kijiji cha Kalusale walimwekea sharti: ukisema maji ni salama, kaa ule samaki wake. Alikaa, akala nshima, ugali wa kwetu, na perege, wao wakimwangalia kooni kama kweli anameza. Siku moja akavuka kwenda Chimpundu, kijiji cha ng'ambo, akiwa ameshiba. Mama mmoja wa huko, BanaMutale, akampokea: "Tumbo umejaza kwa wenzetu, kwetu umekuja kunawa mikono? Basi na maji yetu usiyapime." Na kweli siku ile hakupima. Tangu hapo alikula nusu huku, nusu kule, na bado kila upande uliamini wenzao ndio wanaopendwa.

Mwaka ambao bwawa la mabaki ya mgodi lilivuja, aliisogeza sahani pembeni mbele yao wote. Wakajua maji si salama. Alirudi ofisini akataka pampu zinazolijaza bwawa zisimamishwe. Wakubwa wakamnunia, lakini pampu zikasimama. Alihamia mtoni mpaka ukuta ulipozibwa. Siku zizo hizo Kasonde alipewa zawadi ya darasa la saba, na aliyempigia makofi ni shangazi yake. Mama aliporudi, mtoto akamwambia, "Bora ungenizaa niwe mto." BanaKasonde hutusimulia hilo akicheka, kisha anaanza kuosha chupa zilizo safi tayari.

Mimi nilipoajiriwa nilimwonea wivu sana. Nilitamani viatu vyake vya matope, gari lililomngoja, na jinsi mkutano unavyotulia akifungua mdomo. Siku moja alinikuta nyuma ya maabara namnyonyesha mwanangu Luse. Akasimama, akatuangalia.

"Wewe mtoto unanitia wivu."

"Mimi, mama? Nina nini mimi?"

"Unaye huyo, na yeye anakujua."

Juma lililofuata alibadili ratiba. Gari la mtoni sasa linaondoka alfajiri, na mwenye kunyonyesha yuko nyumbani mchana. Madereva walinung'unika. Aliwaambia, "Laleni mapema, wanaume wazima nyinyi."

Mwezi wa nne, meneja wetu Bwana Siame alimwomba aongeze miaka miwili. Kalusale na Chimpundu, ambao hawajawahi kukubaliana jambo, walituma wajumbe pamoja kuomba hivyo hivyo. Kasonde, aliyeolewa Ndola na ana mimba yake ya kwanza, hakuomba. Alituma tu picha ya kitanda kidogo cha mtoto. Ofisi nzima ikawa inamchungulia BanaKasonde usoni, kila mmoja akivutia kwake, na mimi nilivutia abaki.

Bwana Siame alimfuata kwenye chumba cha chai kutaka jibu.

"Mkubwa, mto nimeutafutia watu. Kasonde hajapata mama mwingine."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mna meneja," akasema, akamaliza chai yake.

Kwa hiyo anakwenda. Kasonde, mimi na wewe hatujuani, lakini nakuonea wivu waziwazi. Sisi tulimpata akiwa na haraka, mguu mmoja mlangoni. Wewe unampata amekaa. Na nikiangalia ulivyongoja, naona ni haki yako, na napata moyo kwamba Luse hatalazimika kungoja hivyo.

BanaKasonde, tunakushukuru kwa maji, kwa miti uliyoipanda ukingoni mwa mto, na kwa kutugombeza kwa upendo. Kaa Ndola kwa raha, uzima na wajukuu tele. Na tukikupigia simu kuuliza vitu tunavyovijua tayari, usipokee mpaka mtoto alale.