Sigbrit Näsholm, Aliyewaonya Walio Chini (1938–2019)

Marehemu Sigbrit alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938 katika kijiji cha Rönnåsen, Jämtland, kitinda mimba wa mzee Jöns Persson na mkewe Karolina. Theluji ilikuwa imeziba njia, mkunga akakwama, na bibi yake mzaa baba ndiye aliyempokea. Bibi huyo ndiye aliyemrithisha hadithi zote. Alimwambia azibebe kichwani, naye akazibeba.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1945 hadi 1952. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni aeleze mito ya Jämtland. Mto wa kwanza tu ukamkumbusha Näcken, yule mpiga fidla wa majini anayevuta watu wazame, akasimulia mpaka kengele ikalia. Mwalimu alimpa sifuri, lakini jioni hiyo mwalimu mwenyewe alirudi nyumbani kwa njia ndefu isiyopita darajani.

Alikamua ng'ombe malishoni, akapika katika jiko la shule, na tangu 1974 akawa msimulizi. Alisimama peke yake mbele ya watu, bila ala, na kigoda cha kukamulia tu. Hadithi aliyoombwa zaidi ilikuwa ya mwanamke aliyemwaga maji ya kuchemka nje ya kibanda cha malishoni bila kuwaonya vittra, wale watu wasioonekana waishio chini ya ardhi. Jioni mama wa kivittra akabisha hodi, kabeba mtoto aliyeungua. "Sikuja kulipiza," akasema. "Nimekuja umwone." Hapo ndipo Sigbrit alipoimalizia hadithi. Nyumbani kwake pia hakumwaga maji ya moto nje kabla ya kuonya na kungoja kidogo, walio chini wapate kuondoa watoto wao.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Evert Näsholm, dereva wa lori la magogo, mtu ambaye neno lake lilitaka kuvutwa kwa kamba. Alipoposa alisema, "Wewe sema, mimi nitasikiliza," na kweli alisikiliza mpaka alipoaga dunia mwaka 2004. Kosa lake lilikuwa moja: alicheka kabla kichekesho hakijafika. Sigbrit alikuwa akimkemea mbele ya watu, "Evert, ningoje basi, mume wangu."

Mungu aliwajalia binti mmoja, Ingegerd. Wenzake shuleni walimtania, kila akipita wakijifanya kumwaga maji na kupiga kelele za maonyo. Alimwomba mama yake aache mambo hayo. "Waache wacheke, mwanangu," Sigbrit alimjibu. "Anayecheka amesikia." Jibu hilo halikumsaidia mtoto. Ingegerd alihamia Sundsvall, akafundisha hesabu, na hakukanyaga ukumbi wowote alimosimulia mama yake.

Mei 2017 Sigbrit alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Hebu fikirini, Sigbrit bila maneno! Ingegerd alirudi kumuuguza, akamlisha na kumgeuza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kila alipotoka na sufuria kumwaga maji ya viazi nje, mama aligonga sakafu kwa fimbo. Siku moja, baada ya kuhangaika sana na ulimi, alitoa swali zima: "Nikiondoka, nani atawaonya?"

"Hakuna mtu huko chini, mama," Ingegerd akajibu.

Sigbrit aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo hakugonga tena, na kimya hicho kilimuuma binti kuliko kelele zote za fimbo.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2019. Ingegerd alimwosha mwenyewe, na maji hakuyamwaga sinkini, hakutaka. Sisi tuliokuja kuondoa theluji mlangoni tulimwona akitoka na ndoo inayofuka mvuke. Akasimama. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani:

"Jihadharini huko chini. Maji ya moto yanakuja."

Akangoja. Kisha akamwaga, akalia sana.

Marehemu ameacha binti yake Ingegerd, wajukuu Malte na Tuva, mpwa wake Halvar anayewasomea wasifu huu, na majirani wote wa Rönnåsen. Baada ya maziko kutakuwa na kahawa ukumbini, na hadithi ya mtoto wa vittra itasimuliwa na Ingegerd. Watakaocheka wanakaribishwa pia.

Pumzika kwa amani, Sigbrit. Wameonywa.