Fundi Bawaba na Chapa ya Mikato Mitatu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake, ambayo aliiandika mwenyewe na kunikabidhi ndani ya bahasha, nami nimeongeza machache tu, na nakiri mbele yenu kwamba ninaogopa kuisoma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Bawaba kwa sababu mlango aliouweka yeye haukupiga kelele hata ukifunguliwa na mlevi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu mhunzi, aliyekuwa mtoto wa mhunzi, aliyekuwa mtoto wa mhunzi. Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza la nane Desemba 1966, hesabu alikuwa hodari, mwandiko alikuwa anausoma yeye peke yake, na mwezi uliofuata baba alimvisha aproni ya ngozi na kumfundisha kile anachofundishwa kila mtoto wa karakana yetu kabla hajashika kazi nyingine yoyote, yaani kugonga chapa, duara lenye mikato mitatu, kwa kipande kile kile cha chuma kilichorithiwa tangu kwa baba yake babu. Kwa miaka mingi hakuna bawaba, komeo wala geti lililotoka kwetu bila chapa hiyo, na baadhi yenu mmefunga milango yenye chapa hiyo mlipokuwa mnakuja hapa.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na shemeji yangu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu saba, ambao kila siku wanacheza na wajukuu wa jirani yetu muuguzi, maana uzio wetu ni mmoja.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2002, asubuhi, jirani yetu huyo alikuja karakanani na pete nene ya chuma iliyofungwa kwenye kitambaa, aliyoikuta katika sanduku la marehemu mama yake, naye mama aliachiwa na bibi, na hakuna aliyewahi kumwambia ni ya nini, akasema, "Fundi, wewe mtu wa chuma, hebu nitazamie, hiki ni kitu gani?" Marehemu aliigeuza, akapitisha kidole kwenye kiungo, na akafanya kosa ambalo angelifanya fundi wa ukoo wetu tu, alifurahi, akapaza sauti, "Kazi yetu hii! Ona kiungo kilivyokaa," akamwonyesha chapa, duara na mikato mitatu, na maneno yakiwa bado mdomoni akaona upana wake, upana wa kifundo cha mguu, tena mguu wa mtoto. Babu alikuwa akituambia, kwa kujisifu, kwamba baba yake aliwafulia pingu wauza watumwa, na sisi tulisikiliza kama mambo ya watu wa zamani. Jirani akauliza tena, na kaka akamjibu kwamba ni pete ya kufungia ndama, jirani akacheka, akashukuru, akaenda nayo, na mpaka leo anaitumia sebuleni kwake kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Tangu siku hiyo marehemu hakugonga chapa tena, aliitia kwenye kopo la grisi na kulisukuma chini ya fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, wateja wakalalamika kwamba anawauzia kazi bandia. Jirani akipiga hodi, nyundo inamtoka mkononi. Alimtengenezea mageti na madirisha bila kuitwa, watu wakasema jamaa ana roho nzuri, kumbe mwenzenu anaogopa.

Mwezi wa Machi 2019 alinieleza habari ya pete ile, nami nikamjia juu, nikamwambia, "Kaka, wewe uliifua? Mimi niliifua? Waliofunga wamekufa na waliofungwa wamekufa, achana nayo, usituletee balaa." Akanijibu, "Fuawe ni ile ile, nyumba ni ile ile, na shule umesoma kwa nyundo ile ile, hivi vyote tulivipokea kwa mikono miwili, kwa nini hili moja tulikatae?" Niliondoka nimekasirika na hatukusemezana miezi minne. Kama hatia inarithiwa, sijui hadi leo, lakini ule uongo hatukuurithi, ni wetu, yeye aliusema na mimi nikamsaidia kuufunika.

Novemba 2023 marehemu alianza kuugua mapafu, akalazwa mara tatu, na alipokuwa nyumbani ni jirani yetu muuguzi aliyekuja kila alasiri kumnywesha dawa, na kaka alifumba macho kila mara, akaniambia kwamba kufa haogopi, anaogopa siku mkono ule utakapojua unamnywesha nani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono huo.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi ya kifua, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, na majirani wote, na kwako, dada yetu muuguzi, shukrani peke yake haitoshi. Dada, ile si pete ya ndama, ni pingu, ilifuliwa kwetu, ikavaliwa na mtoto wa kwenu, kaka yangu alijua akakudanganya, nami nimejua miaka sita, nimekula kwako, nimeiruka pale mlangoni, nikanyamaza. Chapa ni hii hapa mfukoni mwangu, ameagiza upewe wewe, uiyeyushe, uitupe, au uwaonyeshe wajukuu, ni juu yako.

Vijana wako wawili ni miongoni mwa sita waliojitolea kubeba jeneza, na marehemu aliandika kwamba historia hii isomwe kabla hawajalishika, asije akabebwa na mtu asiyejua anambeba nani, kwa hiyo wakiona hawawezi, hatutauliza neno, mimi na mwanangu tutashika upande wao.

Kaka, nimesoma yote. Maneno ya kukuombea upumzike kwa amani ninayo mdomoni, lakini leo si mimi wa kuyasema kwanza. Naketi, nawasubiri wao.