Bi. Shizuno Kuwahara na Ndoo ya Mama Mkwe

Ndugu zetu, majirani wa mtaa huu wa Kokura, wateja wa mgahawa, na hata ninyi mliokuja kuhakikisha kwamba kweli safari hii amekubali kulala, familia imenituma mimi mkwe wake, mume wa Mihoko, niwasomee maisha ya Bi. Shizuno Kuwahara, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa sukari, alikuwa mtu wa chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1943 huko Yukuhashi, mtoto wa tatu wa mzee Tokieda, mshika bendera wa reli, katika nyumba iliyokuwa karibu na njia ya treni kiasi kwamba bakuli zilitembea zenyewe mezani, na tangu anatambaa alizijua treni zote kwa milio yake na kila moja ilikokuwa ikienda. Alianza shule ya msingi Aprili 1949, akamaliza sekondari ya chini Machi 1958, akiwa wa thelathini na nane kati ya wanafunzi arobaini, lakini katika jiografia alikuwa wa kwanza, na hilo naomba lisisahaulike.

Mwezi uliofuata aliajiriwa jikoni katika kantini ya kiwanda cha chuma, akapikia wanaume mia nane kwa zamu, na huko ndiko alikokutana na mchomeleaji Masakichi Kuwahara, ambaye siku moja alirudi kwenye foleni mara tatu kuomba vibua vilivyopikwa kwa pumba za mchele, hadi marehemu akamwuliza mbele ya wote, "Kaka, unataka samaki au unataka mpishi? Sema upesi, wenzako wana njaa." Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1965, akahamia nyumba ya Kuwahara, nyumba ya mama mkwe wake, Bi. Ise, na nyumba ya ndoo.

Kila mtu hapa ana ndoo ya achari nyumbani kwake, lakini ya Kuwahara ilikuwa na pumba za mchele za kuzikia mboga, zilizoanza kukorogwa mwaka 1891, zenye chumvi, mwani na pilipili, na wakati wa vita Bi. Ise alikimbia mabomu akiwa ameibeba hiyo kwanza, vibao vya majina ya mababu akavirudia baadaye. Pumba za namna hiyo lazima zigeuzwe kwa mkono kila siku, na majira ya joto mara mbili, la sivyo huota ukungu na kuoza, kwa hiyo siku ya pili ya ndoa Bi. Ise aliushika mkono wa marehemu, akauzamisha humo hadi kwenye kiwiko, akamwambia, "Mkamwana, mke wa nyumba hii haendi popote. Ndoo ikifa, umeniua mimi."

Basi miaka ikapita, Mihoko akazaliwa tarehe 2 Juni 1967, Teruhiko tarehe 19 Septemba 1970, na marehemu hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Tarehe 11 Agosti 1973 mwili wa mama yake mzazi ulichomwa kule Yukuhashi, mwendo wa nusu saa tu kwa treni, na marehemu aliondoka kabla dada zake hawajaokota mifupa ya mama yao kutoka kwenye majivu, kwa sababu joto lilikuwa kali na ndoo ilikuwa inangoja, akarudi akaigeuza akiwa bado amevaa nguo nyeusi, na Bi. Ise akamwambia, "Umechelewa dakika ishirini."

Tangu siku ile marehemu alianza tena kuzisikiliza treni, na wanaomjua wanaelewa hiyo ilikuwa dalili mbaya kiasi gani.

Tarehe 10 Machi 1975 treni ya mwendo kasi ilifika Kokura kwa mara ya kwanza, mji mzima ukaenda kupunga mikono, na tarehe 15 Aprili marehemu alichota pumba zote, akazishindilia kwenye ndoo ya enameli yenye mfuniko, akaifunga kwa kitambaa cha zambarau, akapiga magoti mlangoni kwa heshima zote, akasema, "Mama, uliniambia nisiiache ndoo. Siiachi. Naondoka nayo." Bi. Ise alifungua mdomo, na kwa mujibu wa mume wa marehemu hakuufunga hadi saa sita mchana. Masakichi mwenyewe aliibeba ndoo mpaka stesheni, akasema, "Kilo kumi na nne hizi, utakatika mkono," naye akamjibu, "Mkono huu umezama humo miaka kumi, mimi na ndoo tumeshazoeana. Wewe kawalishe watoto."

Kabla ya kufika Hiroshima behewa zima lilikuwa limeshika pua, kondakta akaja na kofia yake mkononi, akauliza, "Mama, samahani, una nini humo?" Marehemu akasema, "Mama mkwe wangu." Kondakta akasema, "Mama, ananuka." Marehemu akasema, "Ana miaka themanini na nne humo ndani, wewe ukifika huko utanukia nini?" akamkatia kipande cha figili, na kondakta yule, narudia, kondakta wa treni ya mwendo kasi, alirudi mara mbili kuulizia usalama wa mama mkwe.

Alifika Kyoto, akazika ndooni matanipu ya majira ya kuchipua, akaenda hadi milima ya Nagano, akazika machipukizi ya kangaga, majani yale ya msituni, waliyomchumia wanawake wa huko kwa mikono yao, akaigeuza ndoo asubuhi na jioni kwenye mabafu ya nyumba za wageni, na siku ya sita akarudi, akapanga kila kitu kwenye sahani mbele ya Bi. Ise. Bi. Ise alionja, akasema, "Chumvi imezidi," akala sahani yote, akasema tena kwamba chumvi imezidi, akasukuma bakuli aongezewe. Hakuomba radhi mpaka anafariki mwaka 1986, lakini kila Aprili aliuliza, akiutazama ukuta, kama kangaga za Nagano zimeshatoka.

Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Mwaka 1978 alifungua mgahawa wa viti tisa, akipika alichokiona safari iliyopita, biringanya za kiangazi kutoka Yamagata, viazi vya vuli, na machipukizi ya mianzi yaliyochemshwa na pumba kama sisi wenyewe tunavyoyachemsha, na wateja waliokuja wakakuta mlango umefungwa walisoma karatasi yenye maneno mawili, "Nimekwenda. Subirini." Walisubiri. Februari 1983 treni ilikwama kwenye theluji ya Hokkaido kwa saa tisa nzima, akawalisha abiria sitini kwa achari na wali baridi, wengine husema walikuwa arobaini, sisi tunashikilia sitini, na mikoa ya nchi hii ni arobaini na saba, yote aliikanyaga na ndoo yake, mwanamke mwingine wa namna hiyo Kyushu nzima ajitokeze tumpe kiti cha mbele.

Masakichi alitangulia mwaka 2009. Machi 2021 moyo wa marehemu ulianza kujaa maji, daktari akakataza chumvi na safari, na Mei 2023 marehemu alikwenda Akita kwenye kiti cha magurudumu, akarudi mnene kidogo na mwenye furaha sana. Agosti alizigawa pumba mafungu mawili kwa watoto wake, tarehe 19 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, akafariki nyumbani akiwa na miaka themanini.

Tunamshukuru daktari wake, aliyekataza chumvi mara kumi na moja na mara zote kumi na moja akaondoka na tango mfukoni mwa koti, wauguzi waliofungua madirisha bila kulalamika, majirani walioivumilia harufu yetu, wenzake wa kantini waliofika leo kwa mikongojo, na wateja wa viti tisa.

Limebaki moja. Baba mdogo Yoshinari, mdogo wake Masakichi, ambaye yuko mstari wa mbele, alisema jana usiku mbele ya jeneza, "Mifupa yake ikae humu ndani hadi siku ya arobaini na tisa ya matanga, kisha iingie kaburini chini ya Bi. Ise, mke wa nyumba hii haendi popote." Baba mdogo, tunakuheshimu, chai yako tutakumiminia, lakini marehemu aliacha karatasi, na Mihoko ameshakata tiketi. Mifupa itaokotwa majivuni leo jioni, na safari hii hakuna atakayeondoka kabla haijaokotwa yote, kesho saa mbili asubuhi inapanda treni kwenda kaskazini, na kaburini itaingia tarehe 6 Desemba, ikitaka kurudi.

Mama, watu wanatuomba tukuambie upumzike. Pumzika basi, kwa amani, usiku huu mmoja, na kesho ukiamka ondoka, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi.