Jina Langu Ubavuni mwa Mzigo

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu, hata na mzee aliyechelewa kumsifu! Nawasalimu nyote mlioketi katika chumba hiki cha ghorofa ya sita, wafanyabiashara na wanafunzi, pamoja na mtakaoisoma karatasi hii baadaye. Nimeiandika kwa sababu nikisimama na kusema tu, nitayaruka yale ya aibu, na yale ya aibu ndiyo ushuhuda wenyewe.

Jina langu ni Ezekieli Kamau Njoroge. Nina miaka sitini na minane. Kwetu ni Nakuru, Kenya. Nimeishi katika jiji hili la Guangzhou miaka kumi na mmoja, na hadi kiangazi hiki hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulisikia jina hilo, kwa maana nililizika kwa mikono yangu.

Nilisoma hadi kidato cha nne. Nikaoa, na mimi na mke wangu Ruthi tukafungua duka la viatu. Tangu ujana nilipenda muziki wa kantri. Ninyi mliokulia Bonde la Ufa mnajua ulivyotushika: redio Jumapili alasiri, baba zetu na kofia zao pana, nyumba nzima kimya. Kwa redio hiyo nilijifunza gitaa. Ruthi hakunizuia kamwe. Yeye alifunga viatu kwenye karatasi, mimi nikapiga gitaa nyuma ya kaunta, wateja wakacheka. Kwa hiyo siwezi kusema nilikimbia nyumba mbaya. Nyumba ilikuwa nzuri.

Nilikuja hapa kununua viatu katika soko la Zhanxi, kama wengi wenu. Mnajua kila mzigo huandikwa alama ya mwenyewe ubavuni, kwa wino mzito. Yangu ilikuwa herufi EKN, na chini yake gitaa dogo, kwa sababu wabebaji hawasomi herufi zetu, wanasoma picha. Nilichora vibaya. Wabebaji waliona kibuyu, nami nikaliacha liwe kibuyu.

Katika safari yangu ya tatu nilikaa kwenye ngazi nikisubiri mzigo ufungwe, nikawa naimba peke yangu. Mwanamke mmoja akasimama kunisikiliza. Alikuwa Bibi Lin, wakala anayetafuta wageni wa kupamba shughuli: leo ufunguzi wa duka, kesho harusi, kesho kutwa tamasha. Akaniuliza, "Wewe Mmarekani?"

Nikacheka. Nikasema, "Ukitaka."

Ndugu zangu, neno moja! Nyoka hahitaji mlango mpana.

Alinipa kofia, viatu vya ngozi vyenye visigino, na jina: Jack kutoka Texas. Akanipa na sharti. "Waafrika usizungumze nao. Ukizungumza nao, watu watajua." Sikulazimishwa. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilipenda kupigiwa makofi, basi. Nilimwambia Ruthi nitachelewa mwezi mmoja. Halafu nikamwambia naumwa. Halafu nikabadilisha namba ya simu.

Kila kiangazi, kazi kubwa ilikuwa tamasha la wiki tatu katika uwanja ulio nyuma ya jengo moja la maduka. Majukwaa mawili yalitazamana: huku kantri, kule roki. Saa nzima sisi, saa nzima wao, na katikati vibanda vya ngisi wa kuchoma, matikiti na bia. Joto la Julai mnalijua, shati linakuganda mgongoni kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Vijana wa roki walikuwa na nywele za rangi ya chungwa, na walipoanza kupiga, madirisha yaliitika. Upande wetu ulipambwa kwa majani makavu ya plastiki na farasi wa plastiki. Zamu yetu ikiisha, kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya farasi yule ili watu wapige picha nasi. Wengi walinikumbatia. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani, na kama angeniuliza ningemdanganya.

Ndugu zangu, acheni niwaambie upweke ulivyo. Nikisikia Kiswahili ndani ya treni ya chini ya ardhi, nilishuka kituo kinachofuata. Lakini kabla mlango haujafunguka, nilisikiliza. Nilikuwa mwizi wa mazungumzo yenu. Mlikuwa mkizungumza habari za mapazia, au mtihani, au mtoto aliyeota jino huko nyumbani, nami nikayala maneno hayo kama mkate, kisha nikashuka na kusubiri treni nyingine. Miaka kumi na mmoja! Chumbani kwangu nilizungumza na birika la chai, tena kwa Kiingereza, nisije nikasahau kujificha.

Kiangazi hiki, Jumamosi moja jioni, nilikuwa kando ya farasi. Ng'ambo roki ilikuwa imeanza. Wakaja wanawake watatu na mifuko ya manunuzi, waliokuwa wametutazama jukwaani. Mmoja wao ni Mama Neema wa Nakuru, ambaye wengi wenu mnamjua. Yeye huja kuwanunulia bidhaa wenye maduka ambao hawawezi kusafiri. Zamani tulisali naye kanisa moja.

"Baba Wairimu!" akaita. Wairimu ni binti yangu.

Nikamgeuzia mgongo, nikamshika farasi shingo.

"Baba Wairimu, ni wewe! Nimekujua kwa kisigino. Ukipiga gitaa unakiinua cha kushoto kama kuku aliyekanyaga makaa!"

Wenzake wakacheka. Bibi Lin alisimama hatua nne kutoka kwangu pamoja na mwenye tamasha. Nikamjibu Mama Neema kwa Kiingereza cha puani kwamba amenifananisha, mimi natoka Texas.

"Texas ya wapi? Ya Njoro au ya Molo?"

Miji hiyo yote miwili iko jirani na Nakuru; nikaishusha kofia hadi kwenye nyusi. Kicheko kikamtoka usoni. Akanisogelea akasema polepole, "Sikiliza. Kila mtu wa kwetu anayekuja huku, Mama Wairimu humpa swali moja akuulize. Miaka yote hii. Wengine wote wamerudi mikono mitupu, leo mimi nimekupata. Anauliza hivi: yeye ni mke au ni mjane? Hataki kitu kingine. Nijibu nimpelekee, Jumanne naondoka."

Nikasema simjui mtu anayemtaja. Bibi Lin akatugeukia. Nami, ndugu zangu, nikainua mkono nikamwita mlinzi.

Mara tatu! Mnajua nani mwingine alikana mara tatu. Kwake jogoo aliwika. Kwangu iliendelea ngoma ya roki, nami nikaiweka kofia yangu sawa.

Mama Neema hakubishana na mlinzi. Alisema tu, "Haya. Nitamwambia ni mjane. Niliyemtafuta hayupo hapa."

Jumapili nilipanda tena jukwaani. Ningependa kuwaambia kwamba sauti ilikataa kutoka. La, niliimba vizuri. Nyimbo hizo karibu zote ni za kurudi nyumbani: barabara, gari moshi, mama amesimama mlangoni. Watu wakapiga makofi. Niliposhuka nikafikiri: Jumatano Ruthi atavaa nguo nyeusi kwa ajili ya mtu anayepiga picha na farasi wa plastiki. Nikaketi juu ya yale majani.

Jumatatu tamasha hupumzika. Asubuhi nilivua kofia nikaenda Zhanxi kumtafuta Mama Neema. Sikujua amefikia wapi. Nilisimama kati ya viatu na mikokoteni, nikafungua kinywa, na Kiswahili kikatoka kimekauka kama ngozi. Mkongo mmoja, Papa Kalala, alikuwa akikagua raba dukani. Nikamwamkia nikamuuliza kama anamjua.

"Papa, weye unatokea wapi?" akaniuliza.

"Kenya, Nakuru."

"Na umefika hapa lini?"

"Ni miaka kumi na mmoja sasa."

Akaiweka chini ile raba. "Onze ans! Mie najua hata paka za hii barabara, na weye sikujui? Papa, pardon, ama weye ni polisi, ama weye ni mzimu."

Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakarudi kwenye raba zao. Siwalaumu. Papa Kalala leo yuko pale nyuma, anainamisha kichwa. Papa, inua kichwa! Ulisema kweli. Nilikuwa mzimu.

Nikaenda hadi barabara ya Guangyuan Xilu, jengo baada ya jengo, ghorofa baada ya ghorofa. Kila niliyemuuliza alinitazama vile vile. Niliwakwepa watu wangu miaka kumi na mmoja, sasa nilipowahitaji hawakuwa na sababu ya kunijua. Saa tisa alasiri nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kuomba, maombi yakanipotea. Nikasema tu, kwa sauti, kwa Kiswahili, "Bwana, mimi ni Ezekieli." Basi. Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu siku ya kofia. Msichana wa dukani alinitazama kama mwendawazimu. Nikalisema tena.

Ndugu zangu, Mungu ni mwema! Nilipoinua macho, mbebaji mmoja alikuwa akipita na mkokoteni, akipiga kelele watu wampishe. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mizigo minne. Nilikiona kwanza kibuyu. Kisha herufi: EKN.

Jina langu! Si kwa mwandiko wangu, lakini ni jina langu. Nilidhani nimelizika, kumbe lilikuwa likiandikwa upya msimu baada ya msimu na kuvutwa barabarani, mitaa michache tu kutoka chumba nilichojificha.

Nilimfuata. Mimi mzee wa magoti mabovu nilikimbia Guangyuan Xilu mchana kweupe, nikigongana na wanunuzi, nikiitwa majina ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa yote. Mbebaji hakugeuka. Akaingia stoo ya msafirishaji mizigo, nami nyuma yake, natweta. Na pale, kalamu ya wino mkononi, vidole vyeusi, alikuwa Mama Neema akiandika mzigo wa tano.

Akanitazama juu hadi chini. "Mlinzi wako yuko wapi leo?"

"Mama Neema, nisamehe."

"Mimi simjui Mmarekani."

"Mimi ni Ezekieli Kamau Njoroge," nikasema. "Baba Wairimu. Mume wa Ruthi. Nilikukana mbele ya watu, na yeye nimemkana miaka kumi na mmoja."

Akafunika kalamu taratibu. Nikamuuliza kwa nini mizigo ya duka la Ruthi bado ina alama yangu. Akasema, "Mimi mwenyewe nilimwambia abadilishe. Akasema wabebaji wameshaizoea." Sikuuliza zaidi. Huenda ni hivyo tu. Huenda sivyo.

Kisha akapiga simu, akaniwekea sikioni. Nyumbani ilikuwa asubuhi, duka limefunguliwa.

"Ruthi," nikasema, "ni mimi, Ezekieli. Niko hai. Wewe si mjane."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mteja, "Namba saba mnayo?"

"Ngoja," akasema. Sijui alimwambia mteja au mimi. Kisha akasema, "Kumbe si mjane."

"La. Si mjane."

"Haya. Nimesikia." Akavuta pumzi. "Nina mteja." Akakata.

Basi, ndugu zangu. Hapakuwa na machozi wala nyimbo. Nilisimama katika stoo ile na simu ya mtu mwingine mkononi, na mzigo wa miaka kumi na mmoja ukawa umeshuka mabegani. Nilikuwa bado peke yangu, lakini sasa aliyekuwa peke yake ni mimi, si Jack!

Jumanne nilimrudishia Bibi Lin kofia na viatu. Akasema, "Jack, bado siku tisa!" Nikamwambia jina langu. Akalijaribu mara mbili, akashindwa, akasema sawa, nenda. Kabla jua halijazama alikuwa amepata Mbrazili, kofia ikamtosha, akasimama kando ya farasi. Hakuna aliyegundua. Hilo nalo lilinifundisha.

Tangu hapo zimepita Jumapili tano. Kila baada ya ibada nampigia Ruthi. Mara tatu amepokea. Hajaniambia njoo, wala hajaniambia usije, na sistahili kumharakisha. Wairimu bado hataki kuisikia sauti yangu, naye ana haki. Natengeneza karatasi za kurudi. Nitakapofika, nitasimama nje ya duka hadi niambiwe niingie, au niambiwe niende. Niombeeni nisikimbie tena.

Jumapili iliyopita Ruthi aliniuliza, "Bado unaimba?" Nikamjibu kwa haraka, nikitaka kumpendeza, kwamba nimeacha kabisa. Akasema, "Ezekieli, mimi sikukuambia uache kuimba. Nilikuuliza uko wapi."

Asante, Bwana, kwa kuniuliza swali hilo kwa kinywa cha mke wangu. Asanteni ninyi mlionipokea kabla hamjanizoea. Na kama kuna mtu hapa, au huko atakakosomewa karatasi hii, anayeshuka kituo kisicho chake akisikia lugha ya kwao, namsihi: ndugu yangu, dada yangu, usingoje uwe mzee. Mwamini Yesu na jina lako halisi. Litamke tu, hata kwenye ngazi za watu. Yeye hakulifuta.

Leo nimelibeba gitaa langu, lile pale kando ya mlango. Kofia sina. Mkiniruhusu nitaimba wimbo mmoja kwa Kiswahili, na kisigino cha kushoto kikiinuka, chekeni tu.