Saini ya Katibu

Benchi la Ceu Iyoh, muuza kahawa wa nyuma ya soko, lina wenyewe. Yuko Abah Ocin, wanayemwita Katiba. Yuko Mang Kardi, aliyepewa uprofesa kwa sababu ya miwani. Na yuko Kang Dadang, fundi pikipiki. Hao watatu ndio kamati nzima ya chama cha kunyanyua uzito wilayani. Asubuhi hiyo Dadang alikuwa na donge rohoni. Shirikisho la dunia, huko Ulaya, limefuta daraja la uzito wa chini kabisa, na binti yake Nining, aliyejinyima wali miaka minne asizidi kilo za daraja hilo, hana tena pa kushindania. Mwisho wa kupokea malalamiko ni kesho adhuhuri.

— Rais wao ana miaka kumi na tisa kitini, Katiba akasema. Habanduki yule.

— Mwenda pole hajikwai, Profesa akadakia.

— Methali hiyo umeipachika wapi, Mang? Dadang akahoji.

— Papo hapo. Kaenda pole, hajajikwaa, hajatoka. Dawa ni makao makuu yahamie huku Java.

— Yakihama si watahama na tabia zao? Dadang akauliza.

— Basi kura zifutwe. Majina ya nchi zote yatiwe kwenye bakuli, mtu afumbe macho achomoe rais.

— Na bakuli nalo wataliiba, Katiba akasema. Mimi nataka kila mgombea anyanyue kilo sitini mbele ya wajumbe. Akishindwa, akalee wajukuu.

— Wewe Abah utaziweza?

— Mimi sigombei.

Dadang alicheka, lakini moyo ulikuwa unamuuma.

Nining akafika anahema, karatasi mkononi. Akawashika wazee mikono, akainamisha paji la uso kwa heshima.

— Abah, wakubwa wa chama mkoani, huko Bandung, wamesema malalamiko wanayapeleka leo hii, ila lazima yaanzie wilayani. Inatakiwa saini ya katibu wetu tu. Katibu ni nani?

Katiba akakoroga kahawa aliyokwisha kuikoroga. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati.

— Uchaguzi tuliuahirisha kidogo, Neng, binti yetu, Katiba akasema.

— Mpaka lini?

Nining akamgeukia baba yake. Dadang aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

— Kwenye karatasi, katibu bado ni Pak Odang.

— Odang yupi, baba? Yule tuliyemzika mwaka juzi?

— Huyohuyo, mwanangu.