Zaburi ya Mama Mkwe na Kompyuta Iliyonyamaza

Mwenyekiti ameniambia nikizidisha maneno atanigusa bega, maana akinionyesha saa atakuwa ananionea. Nimekubali. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo, na ninyi mlioshikwa mkono kuletwa hapa leo kwa mara ya kwanza, karibuni. Viti vya mbele ni vyetu tusioona, anayeona akae nyuma. Naam, chekeni. Mimi nilichelewa sana kucheka, na ndiyo habari niliyokuja kuwapa.

Nilikuwa fundi kompyuta hapa Mbinga mjini. Mashine ikigoma Ngaka kwenye mgodi wa makaa ya mawe, naitwa. Ikigoma shuleni Matiri, naitwa. Na Jumapili nilikuwa msomaji kanisani, na hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mke wangu ni Mnyasa wa Mbaha kule ziwani, mimi Mmatengo, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili ili asiwepo wa kumteta mwenzake. Baba mkwe alipofariki, mimi ndiye niliyesoma somo msibani. Tangu hapo kila nikiteremka Mbaha, mama mkwe ananipokea kwa neno moja: "Msomaji wangu amefika." Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi usije ukanisomea nikiwa kwenye jeneza. Nitasikiaje? Nisomee ningali hai, ile zaburi yangu." Nikamwahidi. Nikasema sikukuu ijayo.

Kabla ya sikukuu, macho yakaanza. Presha ya macho, ndugu zangu, wengi wenu mnaijua. Haiumi, inakula pembeni kwanza, unajigonga milango na kulaumu milango. Hospitali nilikwenda, dawa niliweka, lakini kilichopotea hakikurudi. Kitu cha mwisho nilichokiona vizuri ni ziwa. Mnaikumbuka ile kona ya kuteremkia Nyasa, milima inaachana ghafla na maji yanaonekana kule chini? Nilimwomba dereva asimame, nikatazama maji, nikamtazama na mke wangu pembeni yangu, mpaka abiria wakanung'unika. Nawaambia ukweli, natamani kona ile kuliko chakula. Hata leo asubuhi nimeamka naitamani.

Basi nikajifungia. Kanisani siendi, kijiweni siendi, mtu akipiga hodi nasema nimelala. Salamu zinakuja kutoka Mbaha: "Msomaji wangu lini?" Mke wangu akanishauri, "Mimi nikusomee hiyo zaburi, wewe uikariri, ukamsomee mama." Nikafoka. "Kukariri siyo kusoma! Hata kasuku anakariri!" Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Ila msomaji ni mtu anayekutana na neno palepale mbele ya watu, na linamgusa yeye kwanza. Hicho ndicho nilichokuwa nakitamani, kukutana na neno mwenyewe.

Mwenzetu mmoja wa kikundi hiki, simtaji, alifunguliwa mlango na mke wangu, akaniletea programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Nikaiweka kwenye laptopu yangu. Kiswahili chake, jamani! Utadhani mtu ana mafua. Lakini inasoma. Shida ni kwamba inakimbia, haikupi nafasi ya kurudia neno kwa kinywa chako. Nikapata wazo. Nitaandika skripti, yaani programu fupi ya kuiongezea ndani yake, ili initamkie kipande kimoja sikioni, inyamaze nikiseme kwa sauti yangu, halafu nikibonyeza kitufe iniletee kipande kinachofuata. Lugha ya kuandikia, Python, nilijifunza zamani nikiona, na vidole havikuwa vimesahau.

Nikajaribu. Kipande cha kwanza, safi. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya, na vitufe vingine vyote kimya, mashine nzima imekufa. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, nikarudia, ikafa palepale.

Mimi ni fundi, siogopi hitilafu. Kuna kifaa tunachokiita debaga. Kinaisimamisha programu kwenye mstari unaoutaka, ili uikague mstari kwa mstari mpaka uone inapokosea. Nikaweka alama ya kusimama, nikaiendesha. Kimya tena! Na safari hii hata kipande cha kwanza sikukisikia. Nikafuta debaga, nikaiweka upya. Kimya. Nikabadilisha vifaa vyote vya Python, nikaanza mwanzo. Kimya. Ndugu zangu, mtu anayeona, kompyuta ikinyamaza, anatazama kioo chake. Mimi ile sauti ndiyo ilikuwa macho yangu, na ikinyamaza nabaki gizani mara mbili.

Kisha ikaja habari kwamba mama mkwe haamki tena kwenda kanisani, yuko kitandani, na bado anamuulizia msomaji wake. Nililia. Nikapiga meza, nikamwambia mke wangu, "Hii takataka itupe, na ahadi yangu itupe nayo."

Alikuwa barazani anachambua maharage. Akaingia, akauliza, "Inasemaje?"

"Si nimekwambia haisemi!"

"Nauliza kwenye kioo, baba. Kioo kinasemaje?"

Kioo nilikuwa nimekizima mwanga kabisa ili kuokoa chaji. Cha nini kwangu? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote aje akitazame. Akahangaika na vitufe nilivyomwelekeza mpaka mwanga ukaja.

"Naona Kiingereza kingi," akasema. "Na mstari mmoja una rangi ya njano, una mshale pembeni."

"Unasogea?"

"Hausogei. Haijafa, baba. Imesimama tu, inakungoja."

Nikakaa chini. Mnaelewa nilichokuwa nafanya? Programu niliyokuwa naisimamisha ndiyo hiyohiyo inayoniambia kinachoendelea. Nimeiamuru simama, imetii, imesimama na ulimi wake. Na mimi nimekaa hapo naipigia kelele eti mbona hunielezi!

Tukafanya kazi pamoja. Yeye ananisomea herufi mojamoja, mimi namwambia bonyeza hapa, yeye ananiambia mshale umeshuka. Tukashuka nao mpaka mahali ulipokwama, na kosa lilikuwa langu. Skripti niliiamuru ikae ingoje kitufe. Sasa, aliyekaa kungoja ndiye yule yule mwenye kazi ya kupokea vitufe. Nani ampokelee? Ningebonyeza mpaka mwisho wa dunia. Nikaandika upya: soma kipande, maliza, kaa wazi, kitufe kikija ndipo usome kingine. Ikasoma. Mke wangu akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaoa.

Na mimi niliyekuwa nimejifungia ndani, naililia sauti ya watu huku nimewafungia mlango, nilijitambua palepale. Hakuna aliyenihubiria.

Tukateremka Mbaha. Kwenye ile kona mke wangu akanigusa goti, akasema, "Tumefika." Nikageuza uso upande wa maji, nikatoa machozi, na sikuyafuta. Kwa mama mkwe watu wa jumuiya walikuwa wamejaa chumbani. Nikasikia sauti ndogo kitandani: "Msomaji wangu amefika." Nikaweka kispika sikioni, laptopu mapajani, nikaanza zaburi yake. Kipande, kitufe. Kipande, kitufe.

Katikati nikanyamaza. Mashine ilikuwa nzima, ilikuwa imenipa maneno yangu. Neno ndilo lililonigusa mimi kwanza, nikashindwa kulitamka. Watu wakaanza kunong'ona kuwa imeharibika, mmoja akanyoosha mkono kuishika. Mke wangu akasema nyuma yangu, "Mwacheni. Amesimama tu." Na mama mkwe akasema, "Tutamngoja."

Wakaningoja. Chumba kizima. Nikasema kile kipande, nikabonyeza kitufe, nikamaliza. Mama mkwe akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Sasa ametangulia, na natamani anipokee kwa neno lake lile hata mara moja tu. Lakini alinisikia akiwa hai, kama alivyotaka.

Mwenyekiti, bega nimelisikia. Namalizia. Namshukuru mwenzetu wa ile programu, nawashukuru watu wa Mbaha kwa kuningoja. Na ninyi mnaoona, mkimkuta mtu wenu amenyamaza, msiseme amekwisha. Aliyesimama hawezi kujieleza. Mkaribieni, mwambieni mnamwona amesimama wapi. Na sisi tusioona, tuwashe kioo ili wapate pa kutazama.

Mke wangu, uko upande gani? Haya, nakuelekea. Uso wako nilionao mimi ni ule wa zamani, wa kwenye ile kona. Wananiambia sasa una mvi. Natamani sana kuziona mvi zako, mke wangu. Asante. Njoo unishike mkono, tukakae.