Maneno ya Mama Mlangoni

Mheshimiwa Meya wa Duluth, Mwenyekiti wa Bodi ya ukumbi wetu, ndugu waigizaji, wageni waalikwa, na wewe Mwalimu wangu Orrin Halvorsen, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuandikia tamthilia:

Nimepewa dakika tano za kukusifu. Nani hapa hajui kwamba mimi, Marta Kivela, nimefundwa na mtu huyu? Kila Jumapili alitukusanya jikoni kwake, tukasoma kurasa mpya kwa sauti, naye akitusikiliza huku ametupa mgongo, anakoroga supu. Msikilizaji akikohoa, sentensi hiyo inafutwa, hata ungelia. Kwake nilijifunza kwamba watu wenye uchungu huzungumzia sufuria.

Mtanisamehe, sifa zinaishia hapo, maana kuna jambo ambalo lazima niliseme.

Ijumaa mchezo wangu unafunguliwa kwenye jukwaa hili. Waliouona mazoezini walitokwa na machozi pale mama mgonjwa anapomwambia bintiye mlangoni: "Usiniulize kama naumwa. Niulize nimekula nini." Niliyaandika hayo nikajiona fundi kwelikweli. Jumatatu, Lorna, anayeigiza huyo mama, akanivuta pembeni.

"Marta, haya si ya Orrin? Niliyasoma mwenyewe jikoni kwake, kwenye ule mchezo alioutupa baada ya kumzika mkewe."

Miaka kumi na minne nimekaa na maneno ya mtu mpaka nikayaona yangu! Mara nne nimeshika simu nikupigie, Mwalimu, na mara nne nimeiweka chini. Nani angeamini kwamba sikuiba? Wewe ungeamini? Ndiyo maana nimengoja mahali ambapo siwezi kukimbia. Ukisema yaondoke, Lorna yuko tayari, na Ijumaa mama yule atasimama mlangoni bila la kusema. Naogopa, sikufichi.

Jamani, mpisheni Mwalimu, anasimama.

Kwa ninyi mlio nyuma ambao hamkusikia, amesema: "Yaache, Marta. Hata mimi sikuyatunga. Mke wangu Solveig ndiye aliyeniambia hivyo hospitalini, na bado niliendelea kumuuliza kama anaumwa."

Mheshimiwa Meya, wageni wetu, ahsanteni kwa masikio yenu. Naomba nishuke nikakae naye.